Maswali na Majibu: Dini za Dunia Ziko Mtaani Kwako

Maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Wanafunzi mlionitumia "taja dini kuu za dunia na mahali zilikoanzia" nimewaweka kando. Hiyo ni kazi yenu ya likizo, na walimu wenu nao husoma safu hii.

Mwalimu, inakuwaje Wahindi wa hapa Kisumu wanaabudu ng'ombe na bado wana hospitali ya Kiislamu? (Msomaji, Kondele)

Swali hili hurudi kila mara na hunichosha kila mara. Aliyetoka Gujarat na aliyetoka Punjab hawakushuka melini na dini moja. Tembea katikati ya mji wa Kisumu na ufumbue macho: kuna hekalu la Wahindu, kuna gurdwara ya Wasikhi mnaowaita Kalasinga, kuna jamatkhana ya Waismailia. Wenye maduka jirani wanaweza kuuza bidhaa zilezile kwa bei zilezile, lakini jioni kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia.

Hospitali unayoisema ni ya jumuiya ya Aga Khan, yaani hao Waismailia. Waismailia ni Waislamu wa Kishia, na imamu wao wa sasa, yaani kiongozi wao mkuu, ni Rahim Aga Khan, wa 50. Alirithi nafasi hiyo Februari 2025 babake alipofariki Lisbon.

Wasikhi wanamwabudu Mungu mmoja na hawana sanamu. Dini yao ilianzia Punjab kwa Guru (yaani mwalimu wa kiroho) Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, na tangu 1708 guru wao si mtu tena bali ni kitabu, Guru Granth Sahib. Mababu wa wengi wao walikuja kufanya kazi katika reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kama umewahi kusafiri kwenda Mombasa ukasimama Makindu na kula bila kulipa, basi umekula langar, chakula cha jiko la gurdwara. Tajiri na maskini hula pamoja chakula kimoja, na hakuna anayeulizwa kabila wala dini. Huo ndio msingi wa imani yao, nawe pengine uliondoka ukidhani ni ukarimu wa kawaida tu.

Kuna pia Wajaini. Jumuiya ya Oshwal ni yao. Kwao jambo kuu ni ahimsa, kutodhuru kiumbe chochote, na wapo wasiokula hata viazi na vitunguu kwa kuwa kung'oa mzizi kunaua mmea pamoja na vidudu vilivyomo udongoni. Ama Wahindu wenyewe, ng'ombe kwao ni wa kuheshimiwa na wengi hawamli. Kumheshimu si kumfanya Mungu.

Na nikuambie usilouliza: huyo "Mhindi" unayemzungumzia kama mgeni, huenda babu yake alikuwa Kisumu kabla babu yako hajauona mji huo.

Je, Waislamu wengi duniani ni Waarabu? (Kidato cha tatu, Kakamega)

Hapana, nchi zenye Waislamu wengi zaidi ni Indonesia, Pakistan na India, na hakuna hata moja iliyo ya Waarabu.

Shuleni tulifundishwa kwamba Waislamu huswali wakielekea mashariki. Msikiti wa mtaani kwetu umeelekea kaskazini. Fundi alikosea? (Bondeni, Nakuru)

Fundi yuko sawa. Aliyekosea ni aliyekufundisha. Kibla ni upande wa Kaaba, Makka, na Makka iko mahali pamoja tu. Ukisimama Nakuru au Kisumu, iko kaskazini ukipinda kidogo kulia. Ukiwa Mombasa ni kaskazini karibu kamili. Mwislamu wa Indonesia huelekea magharibi, wa London huelekea kusini-mashariki. Wa Senegal ndiye mwenye haki ya kusema mashariki. Chukua ramani ya dunia na rula kabla ya kumsingizia mtu aliyepima msingi kwa kamba na dira.

Jirani aliiba kuku wangu, wiki iliyofuata akavunjika mguu. Hiyo ni karma? (Luanda, Vihiga)

Mitandao imewaharibu. Karma si askari wa kulipiza kisasi kwa niaba yako. Katika imani za Wahindu, Wabudha, Wajaini na Wasikhi, tendo huzaa tunda, na tunda hilo huweza kuiva katika maisha haya au katika maisha mengine baada ya kuzaliwa upya. Mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa huitwa samsara. Wahindu hutamani kutoka humo, na kutoka huko ndiko moksha; Wabudha hutafuta nirvana, kuzimika kwa tamaa na mateso. Kama huamini kuzaliwa upya, usiazime karma. Na yeye anayeifuata kweli angekuuliza furaha yako juu ya mguu wa jirani nayo itazaa tunda gani.

Budha alikuwa Mchina? (Kisii)

La. Alizaliwa Lumbini, nchi ambayo leo ni Nepal, na inasemekana aliamka kiroho akiwa Bodh Gaya, India. Ajabu ni kwamba India ya leo ina Wabudha wachache sana, hawafiki mmoja katika kila watu mia. Dini ilihama nyumbani ikastawi Sri Lanka, Thailand, Myanmar, China na Japani.

Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, Kaimosi. Binti yangu yuko Uingereza na anasema Marafiki wa huko hukaa kimya saa nzima, hakuna mchungaji wala kwaya. Je, amepotea? (Mama, Hamisi)

Hajapotea, Mama. Amerudi kilikoanzia. Marafiki, ambao wengine huwaita Quakers, walianza Uingereza karne ya 17 na George Fox, aliyefundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, kwa hiyo huhitaji kasisi wa kukuombea. Ndiyo maana hata ninyi hambatizi kwa maji. Waliokuja Kaimosi mwaka 1902 walikuwa Wamarekani watatu, na Marekani kulikuwa tayari na Marafiki wenye wachungaji, nyimbo na mahubiri. Hayo ndiyo mliyopokea, mkayaongezea sauti zenu za Kiluhya.

Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya, na wengi wao wako Magharibi. Mtu wa London akitaka kuona imani yake ilivyo sasa, apande matatu ya Chavakali. Nakereka nikiona wanafunzi wetu wakikariri madhehebu ya Ulaya bila kujua kwamba moja limehamia kwa shangazi zao. Mwambie binti akae kimya na wenzake kwa amani.

Legio Maria ni Wakatoliki? (Homa Bay)

Walitoka kwa Wakatoliki miaka ya 1960 wakiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, wakabaki na rozari, kanzu na hata Kilatini, lakini Roma si mkuu wao. Mahali pao patakatifu ni Got Kwer, Migori.

Mhubiri wetu anasema Mungu aliwapa Wayahudi Eldoret, na anatuuzia udongo wa huko kama wa Nchi Takatifu. Ni kweli? (Turbo)

Aliyetoa si Mungu, ni Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza. Mwaka 1903 alipendekeza nyanda za Uasin Gishu ziwe makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa. Tume ilikuja ikaangalia, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, ukakataa mjini Basel, Uswisi. Basi huo udongo ni wa kupanda mahindi.

Ukitaka Wayahudi wa karibu, vuka mpaka uende Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alisoma Agano la Kale akaamua kulifuata, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Jumuiya yake, Abayudaya, ilinusurika hata Idi Amin alipowapiga marufuku, na bado inashika Sabato.

Kuhusu mhubiri wako: leo ni udongo, kesho mafuta, keshokutwa hati ya shamba lako. Shakahola mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Ukisikia mtu yeyote, wa dini yoyote, akikukataza shule, hospitali au chakula, nenda polisi. Usisubiri kuniandikia.

Lile jengo jipya lenye pande tisa kule Matunda ni la nani, na naweza kuingia? (Kitale)

Ni hekalu la Wabahai, lililofunguliwa mwaka 2021. Mwanzilishi wao, Bahá'u'lláh, alizaliwa Tehran mwaka 1817 na kufia karibu na Akka mwaka 1892. Wanafundisha kwamba Mungu ni mmoja na dini zote kubwa zimetoka kwake. Hawana wachungaji, ndani hakuna mahubiri, na hawapokei sadaka ya asiye Mbahai. Ingia, omba kwa dini yako. Ala za muziki haziruhusiwi, kwa hiyo ile spika ya kanisa lenu iache nyumbani.