Kuzunguka Aisilandi kwa gari: maswali ya wanandoa wanaojiandaa

Mimi na mke wangu tuna siku tano mwezi Juni. Tunaweza kuzunguka nchi nzima?

Msijaribu. Barabara namba 1 inayozunguka kisiwa ina kilomita 1,322, na mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe. Mtashinda ndani ya gari. Kwa siku tano shikeni pwani ya kusini: Reykjavík hadi Vík ni kama kilomita 187, na maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss yako njiani. Kisha songeni hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón, mrudi kwa njia hiyohiyo. Mzunguko kamili unataka siku saba kwenda juu. Kumi ndiyo raha. Juni giza haliingii usiku, kwa hiyo dereva huchoka bila kujua. Pokezaneni usukani, na dereva wa pili aandikwe kwenye mkataba, la sivyo bima haimkingi.

Tumelipia bima kubwa. Kuna kinachobaki nje?

Kipo, na kinachowaliza wageni wengi ni mlango. Upepo ukitoka nyuma ya gari huunyakua mlango pale tu unapoufungua, bawaba zinapinda na bati la ubavuni linakunjika. Mikataba mingi hailipii hasara hiyo. Egesheni pua ya gari ikiukabili upepo, fungueni upande mmoja kwanza huku mkono ukiwa umeushika mlango, mwingine asubiri. Kuvuka mito nako kwa kawaida hakumo kwenye bima.

Gari dogo linatosha, au tukodi linalovutwa na magurudumu yote manne?

Kwa pwani ya kusini wakati wa kiangazi, dogo linatosha. Barabara za milimani zenye herufi F mbele ya namba zinaruhusu tu magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, na mwezi Juni nyingi bado zimefungwa. Kutoka nje ya barabara ni kosa kwa gari lolote: alama za matairi kwenye mimea laini inayotanda ardhini na udongo ule hudumu miaka mingi.

Alama gani za barabarani zinawachanganya wageni?

*Einbreið brú* ni daraja la gari moja. Punguza mwendo, aliye karibu zaidi na daraja hupita kwanza, lakini hakikisha mwenzako amesimama kweli. *Malbik endar* maana yake lami inakwisha: punguza kabla ya kufika, si ukiwa juu ya changarawe, maana breki za ghafla hapo ndizo zinazopeleka gari mtaroni. Kwenye kipilefti cha njia mbili, anayetoka njia ya ndani ndiye mwenye haki. Taa ziwake saa zote.

Mafuta tunalipaje?

Sheli nyingi hazina mhudumu, na pampu inadai kadi yenye namba ya siri. Hakikisheni mnaijua kabla ya kusafiri. Mashariki ya Vík msipite sheli tangi likiwa nusu.

Siku moja ya Reykjavík tuigaweje?

Acheni gari mbali kidogo na katikati, kwani maegesho ya kanda P1 ndiyo ghali zaidi, mtembee kwa miguu. Asubuhi pandeni lifti ya mnara wa kanisa la Hallgrímskirkja, lenye urefu wa mita 74.5. Teremkeni hadi Harpa, jumba la muziki lililofunguliwa mwaka 2011. Kuingia ukumbi wa mapokezi ni bure. Jioni nendeni bwawa la maji moto la umma. Kabla ya kuingia ni lazima kuoga kwa sabuni bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao, kwa sababu dawa inayotiwa majini ni kidogo.