Kabla ya kununua begi la mkononi, lipime likiwa tupu

Nikiingia dukani kutafuta begi la kupanda nalo ndege, rangi naiacha kwanza, na jina la kampuni naliacha pia. Natafuta kile kikaratasi kinachoning'inia kwenye mpini, kilichoandikwa uzito wa begi likiwa tupu. Kikiwepo nakisoma, halafu nalipima mwenyewe kwa mizani ndogo ya kuning'iniza ninayotembea nayo mfukoni, ile yenye ndoano chini na kioo cha tarakimu juu. Muuzaji akinishangaa, ashangae tu. Mimi ndiye nitakayesimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, na pale hakuna anayejali begi limependeza kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila wengi wetu hatuipigi mpaka tumeshalipa. Mashirika mengi ya ndege yanampa abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mzigo wa mkononi. Emirates ni 7, Qatar Airways ni 7, Ethiopian Airlines ni 7. Sasa chukua begi la kawaida la ganda gumu, lenye magurudumu manne na kitambaa kizuri ndani. Likiwa tupu linakaribia kilo 3, na mengine yanapita hapo. Umebakiwa na 4. Laptop na chaja yake zinakula karibu 2. Zilizobaki ni za nguo, viatu, vifaa vya kuogea na kile kitabu ulichojiahidi kukisoma njiani. Ungekuwa na begi la kilo 2, ungepata kilo nzima ya ziada bila kumbembeleza mtu: suruali ya jinzi na fulana mbili, kwa mfano, zinaingia.

Si kila shirika lina mkono mzito namna hiyo. British Airways wanaruhusu begi hadi kilo 23, sharti uweze kulinyanyua mwenyewe mpaka kwenye kabati la juu. KLM wanakupa kilo 12 kwa begi na mkoba mdogo kwa pamoja. Mashirika makubwa ya Marekani kwa kawaida yanaangalia ukubwa, uzito hayaulizi. Kwa hiyo kama njia zako ni hizo tu, unaweza kununua begi zito na atakayelalamika ni bega lako peke yake. Lakini wasafiri wengi tunaunganisha ndege, leo shirika hili kesho lile, na kwenye safari ya namna hiyo sheria ya kufuata ni ya yule mkali kuliko wote. Begi likipimwa na wa kwanza likapita, wa pili hana habari na hilo. Na kwa kuwa viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, soma vya tiketi yako kila unaposafiri, hata kama ulisafiri na shirika hilohilo mwaka jana.

Ukubwa nao una vituko vyake. Vipimo utakavyokutana navyo zaidi ni sentimita 55 kwa 40 kwa 20 au 23. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kwa miaka mingi kimetaja 56 kwa 45 kwa 25 kama mwongozo wa juu kabisa. Mwezi Juni 2015 chama hichohicho kilijaribu kuleta kipimo kimoja kwa wote, 55 kwa 35 kwa 20, na alama maalumu ya kubandikwa kwenye mabegi yaliyofuzu. Abiria, hasa wa Marekani, wakaja juu kwamba wanalazimishwa kununua mabegi mapya madogo, na ndani ya muda mfupi mpango ukasimamishwa. Kwa hiyo ukiona begi limeandikwa kwamba ni la saizi ya kabini, chukulia hayo ni maoni ya aliyelitengeneza. Karani wa kwenye geti ana fremu yake ya chuma ya kupimia mabegi, na fremu ile haijui kusoma.

Beba tepu ya kupimia. Weka begi sakafuni lisimame, upime toka ardhini, yaani toka chini ya magurudumu, hadi juu ya mpini ulioshushwa. Watengenezaji wengine huandika urefu wa kiwiliwili tu, magurudumu hawayahesabu. Magurudumu manne yanayozunguka hukaa nje ya begi na huongeza sentimita 4 au 5, kwa hiyo begi lililoandikwa 55 linafika 59 bila mtu kudanganya, kwa maana ya kisheria angalau. Pima na unene pia mfuko wa mbele ukiwa na kitu ndani, kwa sababu mfuko mtupu hulala bapa na mfuko uliojaa hutoa tumbo. Na kama begi lina ile zipu ya ziada ya kulitanua, jua kwamba ukiifungua tu, umetoka nje ya kipimo. Mimi nahesabu kwamba zipu hiyo haipo.

Uzito wa begi tupu unatoka wapi? Kitambaa chake au ganda lake huchangia, lakini sehemu kubwa iko mahali ambapo wanunuzi hawaangalii: mirija ya mpini, fremu inayoshika begi lisipinde, na magurudumu pamoja na vyumba vyake. Ndiyo maana begi lisilo na magurudumu linaweza kuwa na kilo moja tu au chini ya hapo. Ukiona begi la magurudumu lililo jepesi mno, chini ya kilo moja na nusu hivi, jiulize mtengenezaji amepunguza wapi. Mara nyingi utakuta mpini umeshikwa na mrija mmoja badala ya miwili, magurudumu ni madogo na ya plastiki kavu, na kona hazina kinga. Mabegi ninayoyaamini mimi yako kati ya kilo 1.8 na 2.3. Chini ya hapo begi linaanza kulipa wepesi wake kwa umri wake.

Magurudumu mawili au manne? Hapa nina upande, na sioni haya kusema. Begi la kuvuta la magurudumu mawili na mpini mrefu lilibuniwa na rubani, Robert Plath wa Northwest Airlines, mwaka 1987, na ukiliangalia vizuri unaona ni kitu kilichotengenezwa na mtu aliyekuwa akiishi kwenye viwanja vya ndege. Magurudumu yamezama ndani ya kona, kwa hiyo urefu wote unaoruhusiwa unabaki kuwa wa begi. Yanapita kwenye kokoto, kwenye lami iliyochimbika na kwenye vifuniko vya mifereji bila kunasa. Likisimama, limesimama. Yale manne ni raha tupu kwenye vigae, unalisukuma kwa kidole ubavuni kwako huku umeshika chai. Ila mwone mwenye begi hilo ndani ya basi linalowapeleka abiria kwenye ndege: dereva akishika breki, begi linaondoka zake, na mwenyewe anapenya katikati ya watu akiomba radhi. Kama unasafiri na maumivu ya mgongo au kifundo cha mkono, chukua manne bila kusita, kwa kuwa hulivuti kwa nyuma wala hulibebi uzito. Wengine wote, fikirieni mawili.

Kuhusu ganda, majina matatu ndiyo utakayokutana nayo. ABS ni plastiki ya bei nafuu, nyepesi kiasi, ila ikigongwa vibaya hupasuka, na kona ndizo huanza. Polikaboneti hubonyea na kurudi. Bonyeza katikati ya begi kwa kiganja, litazama kidogo kisha lirudi bila kuacha mstari mweupe. Ukiuona mstari huo, rudisha begi kwenye rafu. Polipropilini ndiyo nyepesi kuliko zote tatu, hata majini huelea, na huvumilia kugongwa, ila mabegi yake mengi hayana bitana nzuri na hufungwa kwa komeo badala ya zipu, na komeo nazo zina uzito.

Mabegi ya kitambaa nayapenda zaidi kwa kazi hii. Kitambaa kinakubali kusukumwa: kikizidi sentimita moja kwenye fremu ya kupimia, unakikandamiza kinaingia, wakati ganda gumu halina mazungumzo. Tena begi la kitambaa hufunguka upande mmoja kama mfuniko, na lile la ganda hufunguka nusu kwa nusu, likahitaji sakafu ya ukubwa mara mbili. Kwenye chumba kidogo cha hoteli unajikuta unaliruka. Kwenye maelezo ya kitambaa utaona namba iliyofuatwa na herufi D, ambayo ni denia, uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Namba kubwa ina maana ya uzi mnene na begi zito zaidi. Usiitazame peke yake, kwa sababu nailoni huhimili kuchunwa kuliko poliesta ya denia hiyohiyo.

Sasa mpini. Huu ndio unaofia njiani mapema, na dukani watu huuvuta mara moja, wakaridhika. Ujaribu begi likiwa na mzigo. Mwombe muuzaji vitu vya kuweka ndani, hata viatu vya kwenye maonyesho, ujaze kisawasawa. Kisha vuta mpini hadi mwisho, utikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, mirija inahitaji nafasi ya kuteleza. Unachotafuta ni sauti ya kugongana ndani na mrija mmoja kutangulia mwingine. Ushushe kwa mkono mmoja. Ukigoma begi likiwa limejaa, maana yake mzigo unaibana mirija kwa ndani, na utagoma hivyohivyo ukiwa umesimama kwenye kijia cha ndege na foleni nzima iko mgongoni. Halafu linyanyue kwa kile kishikio cha ubavuni na ulipandishe juu ya kichwa chako, kama unaliweka kwenye kabati. Muuzaji keshakuzoea sasa.

Zipu: ipitishe kwenye kona zote, na kwenye kona ndipo usikilize. Zipu ya meno laini ya nailoni hufunguliwa kwa ncha ya kalamu ya wino, hata ikiwa na kufuli, na ukizungusha vishikizo vyake inajifunga tena kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kufuli kwenye begi la mkononi halinipi usingizi. Pasipoti na fedha hukaa mwilini.

Begi la mgongoni nalo ni la kufikiriwa, tena sana, ikiwa unapanda ndege ndogo. Kwenye ndege za mapangaboi kama ATR 72 makabati ya juu ni mafinyu, na begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye Boeing au Airbus hapo halipiti. Linachukuliwa chini ya ngazi na kupelekwa tumboni. La mgongoni hubonyea, lina kilo moja hadi moja na nusu, na kusema kweli makarani hawalitazami kwa jicho lilelile la magurudumu. Chagua lenye mkanda wa kiunoni na linalofunguka lote kwa mbele. Yale ya kufunguka juu tu ni ya mlimani: ukitaka soksi iliyo chini lazima umwage kila kitu.

Mabegi yenye betri ndani, ya kuchajia simu au kujitambulisha mahali yalipo, yaache isipokuwa betri inachomoka kwa mkono. Tangu Januari 2018 mashirika kama American Airlines, Delta na Alaska yaliyapiga marufuku yale ambayo betri yake haitoki, na mengine mengi yana sharti hilohilo. Sababu ni moto: betri za lithiamu zikiwaka tumboni mwa ndege hakuna wa kuziona mapema, zikiwaka kabini kuna wahudumu. Kwa sababu hiyohiyo pawabanki haipakiwi kwenye mzigo wa chini, na kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba kibali ni wati-saa 100, kipimo cha nishati inayobebwa na betri. Zile za kawaida za 20,000 mAh ziko chini ya hapo.

Na hili linagusa hata begi lililotimiza kila kipimo, kwa kuwa ndege ikijaa makabati yanajaa, na wa mwisho kupanda huombwa mabegi yao. Ndiyo maana nataka begi lenye mfuko wa mbele unaofunguka bila kufungua begi zima. Ndani yake naweka kifuko kimoja chepesi: dawa, pawabanki, chaja, funguo za nyumbani na hati ambazo sitaki zilale pengine. Mhudumu akinyoosha mkono na tagi, nachomoa kifuko na laptop, nampa begi, napanda.