Kabla hujafunga chupa: kwa mnaoanza kutengeneza saida

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha alinitumia picha ya chupa sita za kioo zilizojaa saida, yaani juisi ya tufaha iliyochachushwa, amezipanga mstari mmoja kama wanafunzi. Chini kaandika: "Mapovu yamekwisha, nimeshafunga." Siku ya nane tangu atie hamira! Nilimpigia simu hapo hapo. Ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda, wadogo zangu, lakini jambo hili limenichosha, basi someni.

1. Anza na lebo ya juisi. Ukiona E202 au E211, namba za vihifadhi, irudishe rafuni. Hizo zinazuia hamira isizaliane. Vitamini C haina neno.

2. Hamira ya mikate inachachusha, ila sira yake, yale mashapo ya chini, haitulii: ukiinamisha chupa kidogo tu, yote inapanda. Nunua ya mvinyo. Pakiti ya gramu 5 inatosha lita 20.

3. Kuosha ni kazi moja, kutakasa, yaani kuua vijidudu, ni nyingine. Fanya zote mbili, na mpira wa kuhamishia usiusahau. Kila mtu anausahau mpira.

4. Mapovu si kipimo. Hapa nitakaa kidogo.

Dumu langu la tatu lilinyamaza siku ya tisa. Wiki ile kulikuwa na baridi, na chumba kilikuwa kimeshuka chini kabisa ya nyuzi 18. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki (maji matupu husoma 1.000), nilikuwa nayo, imo sandukuni mwake, sikuitoa. Niliangalia kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi ya dumu bila kuingiza hewa, nikahesabu dakika tano bila povu hata moja, nikasema tayari. Nikatia kijiko cha chai cha sukari ya kuleta gesi katika kila chupa ya mililita 750, nikafunga, nikazipanga kwenye kabati lililo karibu na jiko. Karibu na jiko! Hamira haikuwa imemaliza kazi, ilikuwa imelala kwa baridi, nami nikaipelekea joto na chakula.

Usiku wa sita nilisikia mlio nikadhani mlango umebamizwa na upepo. Ukafuata wa pili, kisha mitatu kwa mpigo. Nilipowasha taa, saida ilikuwa inachuruzika kutoka kabatini na kipande cha kioo, urefu wa kidole changu cha shahada, kimesimama wima ndani ya ubao wa mlango. Kilikuwa usawa wa uso wa mwanangu. Kwenye kabati hilo ndimo alimoweka madaftari yake, na jioni ile alikuwa amelifungua mara mbili. Nilikaa sakafuni mpaka alfajiri. Sikuthubutu kuzigusa chupa zilizobaki.

Kulikuwa na saida kidogo niliyoiacha kwenye jokofu tangu siku ya kufunga. Asubuhi niliipima: 1.014. Maana yake kila lita ilikuwa bado na takriban gramu 35 za sukari ya kuchachuka, wakati gesi ya kawaida inahitaji gramu 6 au 7 tu. Jibu lilikuwepo siku zote, na kulipata ni kazi ya dakika mbili.

Kwa hiyo: pima, ngoja siku tatu, pima tena. Namba zikilingana na zikiwa 1.000 au chini yake, funga. Zikilingana lakini ziko juu, rudisha joto, nyuzi 20 hivi, usubiri. Na kila mara jaza chupa moja ya soda ya plastiki pamoja na nyingine. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe, zote ziende kwenye jokofu.

5. Harufu ya yai viza katikati ya safari ni hamira kulia njaa. Usimwage, itaondoka.

6. Ukihamishia saida kwenye dumu jingine, lijaze mpaka karibu na shingo. Penye hewa nyingi mnapata siki.

Yule kijana nilimwambia aziweke chupa kwenye jokofu usiku kucha, avae miwani na glavu nene, azifunike taulo, alegeze vifuniko kimoja kimoja. Amepima: 1.012. Yote imerudi dumuni, na jana jioni kizibo cha maji kimeanza tena kutoa povu, moja kila sekunde 40.