Re: Kwa nini mkonge wa Tanga ulikatwa na watu wa Kigoma na Songea?

Mkuu, umeuliza kwa nini mashamba yalijaa Waha na Wangoni ilhali Wasambaa na Wazigua walikuwa hapo hapo jirani. Jibu fupi ni kodi.

Serikali ya kikoloni ilitaka kodi kwa fedha taslimu. Mtu wa karibu na mashamba au reli aliweza kuuza mahindi akalipa, akabaki kwake. Wachagga nao walikuwa na kahawa yao, hata wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Wa Kigoma au Songea, mbali na soko, auze nini? Kilichobaki ni nguvu zake, na wakala wa kuandikisha vibarua alilijua hilo vizuri. Ndio manamba hao. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha na ofisi yao kabisa ya kuwakusanya, SILABU.

Halafu kuna kipande, yaani kadi ya kazi ya kibarua, ambacho wengi hawakielewi. Hukulipwa kwa mwezi wa kalenda. Ulipigiwa alama kila siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, na mshahara ulitoka zikitimia alama 30. Ukiugua, unangoja.

Usidhani wenyeji waliachwa hivi hivi, lakini. Wakati wa Mjerumani, huko Usambara, kulikuwa na kadi zilizomlazimisha mwanamume kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Waliokwepa walipelekwa kwenye kazi za serikali kwa ujira mdogo zaidi.

Na kwa manamba, mashambani kwao huko Kigoma na Songea walibaki wanawake na wazee. Hilo halikuandikwa kwenye kipande cha mtu yeyote.