Simamisha fundi kwanza: leseni ya biashara huja mwisho

Simamisha huyo fundi. Leo, kabla lori la kokoto halijafika langoni.

Umeuliza mambo manne: chumba cha mita 3 kwa 5 mbele ya nyumba yako ya Buruburu, Nairobi, cha kuokea na kuuzia keki, tangi la lita 5,000 juu yake, kibao cha biashara langoni, na kama shemeji yako anaweza kufungua saluni chumba cha nyuma. Halafu mwishoni kabisa ukataja kwamba fundi amekuhakikishia leseni ya biashara ya kaunti inatosha, na kwamba kuna broka anataka shilingi 80,000 "amalize mambo ya City Hall", yaani makao ya kaunti, kwa siku tano. Hapo ndipo pesa zako zitakapozama, kwa hiyo naanza hapo.

Leseni ya biashara haikupi ruhusa ya kujenga. Haikupi ruhusa ya kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka. Tangu 2023 Nairobi inatoa kibali kimoja cha pamoja, ambacho ndani yake mna leseni ya biashara yenyewe, cheti cha zimamoto, ada ya kibao, cheti cha afya na leseni ya usafi wa chakula. Kwa kuwa kimebeba mengi, watu hudhani kimebeba yote. Ukiomba kibali hicho unaulizwa biashara ni ya aina gani, iko wapi, ina ukubwa gani na ina wafanyakazi wangapi. Hakuna anayekuuliza hati yako ya ardhi inasema nini. Hakuna anayekuuliza ramani. Ndiyo maana unaweza kuwa na leseni halali kabisa, imebandikwa ukutani, ndani ya chumba ambacho watu wa idara ya mipango wamekichora X nyekundu, alama ya kubomolewa. Leseni ile haitazuia lolote, maana inahusu biashara, na X inahusu jengo.

Sheria inayokuhusu ni ile ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019. Kifungu cha 57 kinakataza mtu kufanya uendelezaji wowote ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti, na uendelezaji una maana mbili kwa pamoja: kujenga, na kubadilisha matumizi ya ardhi au jengo. Wewe unataka kufanya yote mawili kwa mpigo, na saluni ya shemeji yako chumba cha nyuma nayo ni kubadilisha matumizi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Juu ya hayo unaweza kuamriwa urudishe ploti ilivyokuwa ndani ya siku 90, kwa gharama yako. Faini inatisha, lakini amri hiyo ndiyo inayouma zaidi: unalipia ujenzi, halafu unalipia ubomoaji, halafu unalipia kurudisha ukuta na lango.

Sasa huyo broka. Watu hawa wananikera kuliko kanjo, askari wa kaunti, wote wa jiji hili, kwa sababu kanjo angalau anakuja na sare. Mbinu zao zinajulikana.

Ya kwanza ni kibali cha kweli cha kazi nyingine. Anaomba ruhusa ya ukarabati mdogo, ile ya kupaka rangi, kubadilisha mabati au kuweka vigae. Inatoka haraka, ina namba, ina jina lako, na hata ukiiangalia kwenye mfumo wa mtandaoni wa kaunti ipo. Lakini ukarabati hauchimbi msingi mpya. Siku mkaguzi akisimama mbele ya shimo la msingi akasoma karatasi inayosema vigae, atakusimamisha palepale, na wewe utakuwa unapiga simu isiyopokelewa. Kwa hiyo usiulize tu kama kibali kipo. Soma kazi iliyoandikwa juu yake, neno kwa neno.

Ya pili ni hadithi ya siku 60. Ni kweli sheria inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabika imetolewa. Broka anaigeuza kuwa "kaunti ikinyamaza, jenga". Hakuambii kwamba ni lazima uthibitishe ombi liliwasilishwa likiwa kamili na siku gani. Ombi likirudishwa kwa msanifu kwa sababu karatasi moja haipo, hilo lenyewe ni jibu, na wewe uliye nje ya mfumo hutajua. Mtu asiyekuonyesha ombi likiwa kwenye skrini hana siku 60 za kukuhesabia.

Ya tatu ni muhuri. Ramani za Nairobi siku hizi huwasilishwa na kuidhinishwa mtandaoni, na wanaoziwasilisha ni wataalamu waliosajiliwa: msanifu majengo kwa mchoro, mhandisi wa miundo kwa nguzo, mihimili na msingi, mpangaji miji kwa mabadiliko ya matumizi. Broka si mmoja wao. Karatasi iliyogongwa muhuri wa wino ikiletwa ndani ya bahasha, muulize ni akaunti ya mtaalamu gani iliyotumika. Mtaalamu wa kweli atafungua akaunti yake mbele yako, na wewe utalinganisha mambo matatu: namba ya ploti, jina la mwenye ardhi, na maelezo ya kazi. Malipo ya ada nayo hutoka na bili ya mfumo yenye namba yake. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu, funga mazungumzo.

Utaratibu unaofaa ni huu, na tafadhali usiupindue: matumizi ya ardhi, ramani, fundi, leseni. Vyumba vingi vya mbele vilivyobomolewa mitaa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi, vilianza na leseni au fundi.

Matumizi maana yake toa hati yako ya ardhi usome masharti maalumu, ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Ploti nyingi za mitaa iliyopangwa Nairobi ziko chini ya ukodishaji wa miaka 99, na masharti hutaja waziwazi kwamba ardhi ni ya makazi, mara nyingi nyumba moja ya familia moja. Kisha fanya upekuzi rasmi kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, uone jina, namba na kama kuna zuio lolote. Usiniambie kwamba barabara nzima ya Mumias South watu wameshajenga maduka mbele ya nyumba zao. Baadhi yao wana ruhusa ya kubadilisha matumizi, wengine wanasubiri siku yao, na ukiwa barabarani huwezi kuwatofautisha.

Hapa kuna njia mbili, na tofauti yake ni pesa nyingi. Kubadilisha matumizi ni kuitoa ploti kwenye makazi kuipeleka kwenye biashara. Kuongeza matumizi ni kubaki na makazi, huku ukiruhusiwa shughuli fulani ndogo ndani yake. Mtu anayeoka keki nyumbani anakoishi anahitaji hii ya pili, na ukimwachia broka achague atakuombea ya kwanza, au hataomba chochote. Ukibadilisha kabisa, kodi ya ardhi ya serikali inaweza kukadiriwa upya kibiashara, na hutairudisha makazi kwa kuandika barua moja. Mpangaji miji aliyesajiliwa ataandika taarifa fupi ya mipango, ataambatisha nakala ya hati, matokeo ya upekuzi, ramani ya upimaji, na risiti kwamba ada za ardhi za kaunti na kodi ya ardhi havina deni. Deni la ada za ardhi ndilo hukwamisha maombi mengi kabla hata hayajasomwa, kwa hiyo lilipe kwanza. Pia tangazo hutolewa gazetini na kubandikwa kwenye ploti ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Zungumza na jirani wa kushoto na wa kulia kabla hawajaliona langoni. Jirani anayepinga huwa hapingi keki. Anapinga magari ya wateja kuziba lango lake, kwa hiyo mwonyeshe wateja wataegesha wapi. Na kama mtaa una chama cha wakazi au kampuni ya usimamizi iliyotajwa kwenye hati, pata idhini yao kwa maandishi.

Ruhusa ikitoka huja na masharti. Wazee wa kazi bado wanaiita PPA2, jina la fomu ya zamani ya ruhusa hiyo. Soma masharti, kwa maana ndiyo utakayokaguliwa nayo.

Ramani. Chumba chako cha mita 15 za mraba ni kidogo, lakini umekichora mpaka kwenye ukuta wa barabara. Hiyo nafasi ya mbele haikuachwa kwa bahati mbaya. Kuna mstari wa ujenzi ambao huruhusiwi kuuvuka, kuna kiwango cha asilimia ya ploti kinachoruhusiwa kufunikwa na majengo kulingana na eneo lako, na mara nyingi bomba la maji taka na shimo lake la ukaguzi viko hapohapo mbele. Chukua mfano wa ploti ya mita 8 kwa 20, yaani mita 160 za mraba. Nyumba ikiwa imefunika 65 na chumba cha nyuma 12, tayari uko 77. Ongeza 15 uko 92, zaidi ya asilimia 57. Kama kikomo cha eneo ni asilimia 50, hakuna broka atakayeifanya hesabu hiyo ikubali. Msanifu anaweza kukuambia hivyo kwa nusu saa, kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji.

Mwombe mhandisi aangalie udongo pia. Sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi ni udongo mweusi wa pamba, unaovimba ukinyonya mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Fundi akichimba futi mbili na kuunganisha ukuta mpya moja kwa moja na wa zamani, nyumba ya zamani imeshatulia na mpya bado inashuka, na ufa utapita kwenye kiungo msimu wa kwanza wa mvua. Msingi unatakiwa upite udongo huo mpaka kwenye tabaka gumu, au uutoe wote, na kati ya kuta mbili iachwe nafasi ya kiungo. Na hilo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Haliwezi kukaa juu ya mabati na mbao, wala juu ya slabu ambayo mhandisi hakuambiwa mapema.

Ruhusa ya ujenzi ikishatoka, mradi unasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na mkandarasi awe amesajiliwa nayo. Halafu ukaguzi ni wa hatua kwa hatua, na mkaguzi anaitwa kabla ya kufunika. Ile mitaro ya msingi ikaguliwe ikiwa wazi, nondo zikaguliwe kabla ya zege. Fundi akimwaga zege usiku ili "tusicheleweshwe", mkaguzi ana haki ya kudai ifukuliwe, kwa sababu hakuna njia ya kuona nondo ndani ya zege iliyoganda bila kuitoboa. Mwisho wa yote kuna cheti cha kutumia jengo. Bila hicho, siku ukitaka kuuza nyumba, mthamini wa benki ya mnunuzi atauliza ramani ya chumba cha mbele na bei itaanza kushuka.

Leseni ya biashara iko hapa, mwishoni. Ukifika hapa ni kazi nyepesi. Kila anayegusa chakula awe na cheti cha uchunguzi wa afya, kinachofanywa upya kila miezi sita. Afisa wa afya ya umma atataka kuta zinazooshika, sinki yenye maji ya mfereji, dari, hewa ya kutosha, na chumba ambacho hakuna mtu anayelala. Ukianza kufunga keki na kuzipeleka supamaketi, tafuta alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, pia.

Kibao: kidogo, ukutani kwako, kinachotaja biashara yako, kimo kwenye kibali cha pamoja, ila hakikisha ukubwa uliotangaza ndio uliotundika. Nguzo nje ya lango ni jambo jingine, kwa sababu hapo umeingia kwenye hifadhi ya barabara, na mwenye barabara ni kaunti, KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) kutegemea ni barabara gani. Usichimbe huko.

Kama fundi alishaanza na umepewa notisi ya utekelezaji, ile amri ya kaunti kuhusu ujenzi usio na ruhusa, usiitupe na usimpe broka. Una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi. Simamisha kazi siku hiyohiyo, piga picha za kila kitu zenye tarehe, na mhandisi aandike ripoti ya hali ya jengo. Ukiomba kuhalalishiwa baadaye, ripoti hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa, na kama msingi umeshafunikwa mhandisi atalazimika kuupima kwa kutoboa.

Na kama unataka kuanza kuuza mwezi huu, tumia jiko la ndani lililopo bila kuvunja ukuta wowote, uza kwa kupelekea wateja, na zile 80,000 mpe mpangaji miji na msanifu badala ya broka. Mtumie mpangaji nakala ya hati yako kesho asubuhi, pamoja na ule ukurasa wa masharti.