Umehamia karibu na katikati ya jiji: ule wapi?

Ndugu, umeuliza ule wapi wiki za mwanzo kwa kuwa unahamia mtaa wa karibu na katikati ya jiji na humjui mtu huko. Kwanza achana na migahawa inayotazamana na kituo cha basi au treni. Mingi hutegemea wapita njia, na asiporidhika huyu, kesho atakuja mwingine. Ingia mitaa ya nyuma mchana wa siku ya kazi uone mafundi na wauza maduka wanakaa kula wapi. Hao muda wao mfupi na pesa yao ya kuhesabu. Hawarudi mahali pabaya.

Ukishaingia, tazama sufuria. Chakula kinachoisha haraka na kupikwa upya nakiamini kuliko kilichopangwa kwenye kabati la vioo tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kisipotoa mvuke, mimi naondoka.

Jioni ulizia saa za kufunga, maana penye ofisi nyingi hufungwa mapema.