Barua za wazazi: mtoto kaingia Gredi ya 7, huko anasoma nini?

Kila shule zikifunguliwa Januari, barua zinazonifikia huwa na swali moja lenye sura nyingi. Mtoto ametoka Gredi ya 6, kaingia sekondari msingi, na mzazi haelewi anachokiona kwenye mkoba. Mimi nilifunza Darasa la 7 miaka mingi chini ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, kisha mwaka 2023 nikawa miongoni mwa walimu waliolipokea lile kundi la kwanza kabisa la Gredi ya 7. Tulikuwa tunajifunza pamoja nao, sitaficha. Nimechagua barua chache.

"Mwalimu, nilidhani mwanangu akimaliza KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, atavuka ng'ambo, abebe sanduku kama sisi zamani. Kumbe amerudi geti lile lile. Hii ni sekondari kweli, au ni Darasa la 7 la zamani limepakwa rangi?" (Mama, Machakos)

Geti ni lile lile, mama, lakini ndani mambo yamegeuka. Mwishoni mwa 2022, kwa pendekezo la jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, serikali iliamua Gredi ya 7, 8 na 9 zikae katika shule za msingi. Ndiyo maana sanduku umelinunua bure.

Kilichogeuka zaidi ni walimu. Huko nyuma mtoto alizoea mwalimu wa darasa anayeshinda naye karibu siku nzima. Sasa kila somo lina mwalimu wake, au angalau ndivyo inavyotakiwa, kwa maana zipo shule ambazo mwalimu mmoja bado anabeba masomo matatu asiyoyasomea. Kipindi ni dakika 40, kengele inalia, mwingine anaingia. Nakumbuka mwaka ule wa kwanza nilitoka darasani, mvulana mmoja akanifuata hadi mlangoni na daftari mkononi: "Mwalimu, utarudi saa ngapi?" Nikamwambia kesho. Alisimama pale akiniangalia kama mtu aliyeachwa kituoni. Basi muhula wa kwanza wote, somo kubwa analosoma mtoto ni hilo: kujua kesho kuna nini, kubeba daftari la leo na si la jana, kumfuata mwalimu mwenyewe akiwa hajaelewa. Halimo katika ratiba, na ndilo linalowaliza wengi.

Yaliyomo katika ratiba ni 9: Kiingereza, Kiswahili (au Lugha Ishara ya Kenya), Hisabati, Elimu ya Dini, Elimu ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Stadi za Awali za Kiufundi, Kilimo na Lishe, na Sanaa Bunifu na Michezo. Kundi la 2023 lilianza na 12 ya lazima na juu yake ya kuchagua, mikoba ikawararua mabega. Mwaka 2024 yakapunguzwa. Sayansikimu ikaingizwa katika Kilimo, elimu ya afya katika Sayansi, biashara na kompyuta katika hizo Stadi za Kiufundi ambazo watoto wenyewe huziita Pre-Tech. Kwa hiyo ukiona somo ulilolisikia kwa jirani halipo, usidhani shule yenu imelificha. Limo ndani ya jingine.

"Mimi ni fundi wa mjengo, niliishia Darasa la 8. Kijana ananiletea hesabu zenye herufi, ananiangalia. Huwa namwambia nimechoka. Nifanyeje?" (Baba, Kitale)

Fundi, wewe ndiye mzazi niliyekuwa namngoja.

Umenunua mifuko 3 ya saruji, ukamlipa wa boda shilingi 200, jumla umetoa 2,450. Mfuko ulikuwa bei gani? Nina hakika umeshajibu kabla hujamaliza kusoma: unatoa 200 za boda, zinabaki 2,250, unagawa kwa 3, mfuko ni 750. Kijana wako anaiandika 3x + 200 = 2,450. Hiyo x ni bei ya mfuko ambayo bado hujatajiwa, basi. Usimwonee haya kwa herufi. Mwambie akuandikie ya saruji kwa mtindo wa shuleni, nawe umsemee kwa mtindo wa saiti, muone kama mtakutana mwisho.

Na hapo hapo Gredi ya 7 kuna mada inayoitwa uhusiano wa Pythagoras, jina linalowatisha watoto kabla hata hawajafungua ukurasa. Wewe unaifanya kila unapopiga msingi. Unavuta kamba, unapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha unaupima mshazari. Ukisoma futi 5 unajua kona imekaa skwea, usiposoma 5 unasogeza kigingi. Sasa hesabu: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 25 ni 5 mara 5. Ndiyo mada yote hiyo. Jumamosi mpeleke saiti, mpe yeye tepu, wewe shika kamba. Halafu mwambie ajaribu 6 na 8 aone mshazari utasoma ngapi. Ukimwona anatabasamu kabla ya kupima, ujue ameelewa.

Mengine ya mwaka huu wa kwanza ni desimali, vipeo vya pili na vipeuo vyake, eneo, pembe, mwendo na muda. Hayo yanafanana sana na uliyosoma wewe.

"Mwalimu, mjukuu wangu ana miaka 12. Nimemkuta na kitabu kina picha za viungo vya uzazi. Hayo ndiyo mnayofundisha? Nimwambie mwalimu wake ayaruke?" (Bibi, Malindi)

Shikamoo Bibi. Hapana, asiyaruke, na nitakueleza kwa lugha unayoijua kuliko mimi.

Kwenu Pwani, binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mama wa kumfunda. Yule mama ndiye aliyemfunza kujitunza na kujisitiri, na nini kinaendelea katika mwili wake. Hakuna aliyesema somo anamharibu mtoto. Siku hizi masomo wa namna hiyo wamepungua, binti yuko shuleni kutwa, na hedhi humkuta dawatini. Nimeshamwona msichana akikataa kusimama kujibu swali alilokuwa analijua, na nilichelewa kuelewa sababu. Tangu siku hiyo droo yangu haikosi pakiti ya sodo.

Katika Sayansi ya Gredi ya 7 wanasoma mfumo wa uzazi wa binadamu na mabadiliko ya kubalehe, wavulana na wasichana. Kisha wanaendelea na ngozi na figo, namna mwili unavyotoa uchafu. Picha ulizoziona ni michoro ya kutaja sehemu. Haifundishi tabia yoyote ya kukutia hofu. Ila kitabu kitampa majina tu, Bibi. Heshima, adabu, nani wa kumwambia akiguswa vibaya, hayo ukiyasema wewe jioni mnapochambua mboga yataingia kuliko nikiyasema mimi mbele ya wavulana 30 wanaochekana.

"Tumeambiwa wanasoma kompyuta. Lazima ninunue laptopu?" (Baba, Narok)

Usinunue. Mwaka wa kwanza ni kujua kompyuta ni nini, sehemu zake na matumizi yake, ndani ya Pre-Tech, pamoja na usalama kazini, kuchora kwa mkono, kutofautisha metali na visivyo metali, na zana za kupimia na kukatia. Mnunulie rula, seti ya jiometri na penseli nzuri. Zikibaki pesa, viatu.

"Kila wiki ni mradi! Juzi nimelipa 350 saiba, wakachapisha picha za rangi, faili likapendeza. Kweli hizi kazi zina alama, au tunachezewa?" (Mama, Kitengela)

Alama zipo, tena nyingi. Mtoto akifika Gredi ya 9 atafanya KJSEA (mtihani wa kumaliza sekondari msingi), ambayo watahiniwa wa kwanza waliifanya 2025. Mtihani wenyewe unabeba asilimia 60. Asilimia 20 inatoka KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6, na 20 iliyobaki inatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo huu mwaka wake wa kwanza tayari umeanza kuhesabiwa.

Ila tofautisha mambo mawili. Tathmini zinazohesabiwa hutolewa na Baraza la Mitihani, mtoto hufanyia shuleni, mwalimu husahihisha na kupeleka alama katika mfumo wa Baraza. Zile kazi za nyumbani za kila wiki ni mazoezi. Picha za rangi za saiba hazimwongezei hata nukta moja huko, na 350 zako zimekwenda.

Nikupe mfano. Katika Kilimo na Lishe kuna kazi ya kutengeneza bustani ya kuning'inia. Mwaka mmoja nililetewa mbili siku moja. Ya kwanza fremu ya chuma iliyochomelewa na kupakwa rangi ya kijani, sukuma wiki zimekaa kama za dukani. Nikamuuliza mwenyewe chini umetoboa matundu mangapi? Akainama kuchungulia. Hakuwa anajua hata kama kuna matundu. Ya pili ilikuwa mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, umekatwa ubavu kwa kisu cha moto, umefungwa kwa kamba ya manila, na dhania zote zimelala upande mmoja kama zimepigwa. Nikamuuliza msichana mbona zimeinama? "Nilining'iniza dirishani, Mwalimu, jua lilikuwa linatoka upande mmoja tu. Nilichelewa kuugeuza." Huyo ndiye niliyempa alama za juu, na baba mwenye fremu akaja juu shuleni kesho yake. Tulizungumza, akapoa.

Kwa hiyo dada yangu, pesa ya saiba iweke. Mpe mtungi na kisu (kisu ukishike wewe), kisha usimguse. Na kama ni mwalimu anayedai kazi ichapishwe kwa rangi, muulize kwa upole kwenye mkutano wa wazazi sababu ni nini. Mimi sijawahi kuiona sababu hiyo katika mtaala.

"Mwanangu alikuwa akishika nambari 3. Sasa ripoti ya Hisabati imeandikwa 'Kukaribia Matarajio'. Yaani ni wa ngapi?" (Baba, Bungoma)

Hakuna wa ngapi tena. Kuna ngazi nne: Kuzidisha Matarajio, Kufikia, Kukaribia, na Mbali na Matarajio. Wako anaweza sehemu ya kazi, sehemu nyingine bado anahitaji kushikwa mkono. Nenda umuulize mwalimu anakwama mada gani, utoke na jina la mada. "Anakaribia" peke yake haikusaidii kitu jioni ukikaa naye mezani. Na hilo la nne, mimi kwa maoni yangu silipendi, maana mtoto wa miaka 12 akisoma "mbali" anasikia amefukuzwa.

"Tunahamia Taveta kutoka Moshi. Binti amesoma shule ya serikali, masomo yote kwa Kiswahili. Ataweza Gredi ya 7?" (Mama, Moshi)

Karibuni. Kiswahili atatuumbua, watoto wetu watamkimbilia awasaidie. Atakachozoea ni namna yetu ya kuziita ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA.

Kazi iko katika Hisabati na Sayansi, kwa sababu hufundishwa kwa Kiingereza. Yeye anaijua sumaku, anajua ncha zinazofanana hufukuzana, ila hajui mwalimu akisema magnet anasema nini. Mnunulieni kijitabu kidogo, kila ukurasa mstari katikati, upande huu neno alilokuja nalo, upande wa pili la huku. Maneno 5 kwa siku yanatosha. Msikubali arudishwe gredi nyuma kwa sababu ya lugha kabla hajapewa walau muhula mmoja. Nendeni na ripoti zake zote na cheti cha kuzaliwa, muonane na mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa.

"Mwalimu, binti yangu amechuma maua mekundu yote ya ua wa jirani, akayaponda kwenye kinu changu cha vitunguu. Anadai ni sayansi. Nimchape?" (Mama, Kakamega)

Usimchape, anasema kweli. Ni mada ya asidi na besi. Yale maua mekundu ya haibiskasi yakipondwa na kutiwa maji moto hutoa rangi inayotambua asidi na besi. Mwambie achuje, agawe katika glasi mbili. Ya kwanza akamulie ndimu, itageuka nyekundu inayong'aa. Ya pili atie magadi kidogo, haya haya unayopikia maharagwe, usubiri: itakuwa kijani. Akitaka, ajaribu na maji ya sabuni, maziwa lala na majivu yaliyolowekwa, aandike kila kimoja kimetoa rangi gani kabla hajasahau.

Kinu akioshe yeye. Na kwa jirani aende mwenyewe kuomba radhi leo hii, maana mwalimu wake ameniambia kwamba wiki ijayo watarudia jaribio, na maua atayahitaji tena.